Mwaka Niliokaa Kwa Marehemu

Tulimzika Ansila kwao Maposeni mwezi uliopita, siku ya baridi na upepo, na baada ya mazishi nikajikuta nimekaa mkekani karibu na binti mmoja aliyesoma kwake chuo kikuu. Tulikuwa tunakula ugali na maharage na likolo, mboga ya majani ya maboga, chakula ambacho marehemu mwenyewe angekila mpaka alambe vidole, na binti yule, kwa adabu zake zote, alikuwa anatafuta neno la kuniambia. Akaniamkia kwa mara ya pili, kisha akaniuliza nilimfahamu vipi Dokta. Nikamjibu kwamba zamani, kabla hajawa Dokta wa mtu yeyote, tulipanga nyumba moja Bombambili, mjini Songea. Uso ukamchangamka pale pale msibani. "Ile nyumba, Mama? Nyumba iliyokuwa inaua wapangaji?" Basi akanisimulia mimi, niliyelala humo, jinsi Dokta alivyowafundisha ekonometriki, zile hesabu za uchumi, kwa kisa hicho kila mwaka: wapangaji wagonjwa, mwalimu mgeni aliyepewa chumba bila kukichagua, na jinsi mwalimu huyo alivyosaidia kujulikana kipi ni sababu na kipi kinaandamana tu na sababu. "Na mwalimu akapona," akamalizia, kwa sauti ya mtu anayefunga hadithi ya sungura. Nikasema kweli, akapona, nikarudi kwenye ugali wangu. Nimefundisha hisabati miaka mingi kuliko umri wa binti yule, najua kwamba kisa hakiingii darasani mpaka kipunguzwe. Lakini Ansila alipunguza mtu mzima. Nilipokuwa narudi mjini jioni ile niliona uchungu, kwa sababu sasa tumebaki mimi na Rehema tu tunaokijua kisa chote, na Rehema hapendi kukizungumza.

Rehema ndiye yule mwalimu. Tuliripoti Songea mwezi wa kwanza, siku moja, shule moja, yeye akitokea Tunduru na mfuko wa korosho za kwao, mimi nikitokea Morogoro na sweta moja ambalo halikufua dafu mbele ya baridi ya kule. Shule haikuwa na nyumba za walimu. Mkuu wa shule alikuwa ameshaongea na mama mmoja wa Bombambili, Mama Kapinga, ambaye alikuwa na vyumba viwili wazi. Namkumbuka mkuu akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, anagombana na mtu kuhusu mbao za madawati, huku mkono wake unapapasa kwenye droo. Akatoa funguo mbili, akatupa huu na huu bila hata kututazama, akaendelea na ugomvi wake. Wa kwangu ulikuwa wa chumba cha getini. Wa Rehema ulikuwa wa chumba cha mwisho. Hakuna aliyechagua, na hakuna aliyelalamika, maana tulikuwa wageni na tulikuwa tumechoka, na kwa wakati ule chumba kilikuwa chumba tu. Siku hizi, kila ninapokabidhiwa ufunguo mahali, iwe gesti au ofisi, huwa nasita kidogo kabla ya kuupokea. Wanangu wanacheka, wanasema mama ana mashetani.

Nyumba yenyewe ilikuwa safu moja ndefu ya vyumba vinavyotazama uani, bati moja juu ya wote, na ukuta wa kati ya chumba na chumba haukufika batini. Fundi alikuwa ameishia usawa wa kenchi, dari hakuna, kwa hiyo juu ya vichwa vyetu palikuwa na uwazi unaotoka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho. Ukikohoa getini, wa mwisho anakuambia pole. Hapo ndipo nilipojifunza kulala huku nikisikiliza maisha ya watu: mume anayemuuliza mkewe kama dawa ya jioni ameshameza, bibi anayesali rozari kwa Kingoni, mama anayemwambia mgonjwa wake kwamba uji huu ni wa mwisho, anywe hata nusu. Maana wapangaji wengi wa Mama Kapinga walikuwa wagonjwa. Walitoka vijijini, wanakuja kuhudhuria kliniki, hawawezi kwenda na kurudi, wanahitaji pa kulala na mtu wa kuwapikia. Nyumba ilikuwa karibu na hospitali na Mama Kapinga hakuwa na maneno mengi. Wengine walipona wakaenda zao. Wengi walitoka wamebebwa. Ndiyo sababu vijana wa bodaboda waliiita nyumba ile Kwa Marehemu, na hawakuona haya. Ukimwambia unakwenda Bombambili, anakugeukia na kukuuliza, "Bombambili ipi, Mwalimu? Ya Kwa Marehemu?" Watu wa mtaani walikuwa na maelezo yao. Walisema kuna kitu kimezikwa pale. Walisema anayelala chumba cha mwisho hatoki kwa miguu yake.

Rehema alipoyasikia hayo, alikaa kitandani kwangu akakataa kabisa kurudi chumbani kwake. "Wallahi, Hilda, mimi silali kule. Nitalala hapa chini, nipe khanga tu." Aliyemtuliza alikuwa Ansila. Alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani yangu, mtoto wa Maposeni aliyesomea uchumi Dar es Salaam na sasa amerudi nyumbani kufanya utafiti wake wa shahada ya pili. Mrefu, mwembamba, mwenye kupenda kubishana hata na redio. Utafiti wake ulikuwa unauliza jambo linaloonekana dogo: je, kuishi karibu na hospitali kunampa mtu afya? Alizunguka Mpitimbi na vijiji vya jirani kwa baiskeli, akahesabu, akauliza, akarudi, na kila alipozipiga hesabu zake zilimjibu kinyume. Waliokaa karibu na hospitali ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Mtu mwingine angeandika kwamba hospitali zinaleta maradhi, akaenda zake. Ansila alicheka mpaka machozi. Jioni ile tulikuwa uani, tunakula ugali na dagaa wa Nyasa kwenye sinia moja, na Rehema hagusi chakula. Ansila akamshika mkono. "Sikiliza, mlongo wangu. Hawa watu hawakuugua kwa sababu wamekaa hapa. Wamekaa hapa kwa sababu ni wagonjwa. Nyumba hii inachaguliwa na watu wanaokaribia kufa. Hata kama Mama Kapinga angewalaza kanisani, wangekufa vilevile, halafu mngesema kanisa linaua." Rehema akamtazama, akamega tonge.

Nakiri kwamba maelezo yale yalinipendeza sana. Mimi ni mtu wa hisabati, napenda jambo linaponyooka. Na Mama Kapinga aliyapenda kuliko mimi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake akisikiliza, na kuanzia kesho yake kila mgeni aliyefika kuulizia chumba, akiwa na wasiwasi wa yale ya mtaani, alipewa somo. "Msomi mwenyewe amesema. Wanakuja wagonjwa. Nyumba haina neno." Ansila alipomsikia mara ya kwanza alijivuna kidogo, nilimwona. Haikumjia akilini, wala mimi haikunijia, kwamba maelezo yaliyo sahihi kabisa yanaweza kukaa mbele ya jambo jingine na kulifunika. Wagonjwa walikuwa wanaichagua ile nyumba, hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini halikusema chochote juu ya kile kilichowapata baada ya kuingia. Leo naona wazi. Mwaka ule tulikuwa vijana, tuna jibu, na mtu mwenye jibu hasikii harufu.

Harufu ilikuwepo. Baada ya mavuno nyumba ilibadilika. Vyumba viwili vya nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta wa Rehema, ambavyo havikulaliwa na mtu, Mama Kapinga alikuwa amevibomolea katikati na kumkodishia mfanyabiashara wa mahindi tuliyemwita Tajiri, na mahindi yalipoanza kushuka kutoka vijijini, stoo ile ilijazwa magunia mpaka karibu na bati. Tajiri alikuwa mtu wa heshima, anasalimia, anawapa watoto wa jirani pipi. Alikuwa anafukiza mahindi kwa vidonge, yasiliwe na dumuzi, na kila alipoweka vidonge alifunga mlango kwa kufuli kubwa na kumkumbusha Mama Kapinga: mtu yeyote asiingie humo mpaka atakaporudi, ni sumu. Mama Kapinga naye akatuambia sote, kwa ukali. Tulitii. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa mlango ule. Tulilichukulia kufuli kama ukuta, basi, sumu iko ndani, sisi tuko nje. Na ilikuwa miezi ile ya baridi ya Songea, watu wanaziba madirisha kwa magunia na kulala na sweta. Harufu kama ya kitunguu saumu ikawa inakuja na kuondoka. Kabla ya Rehema, aliniambia Ansila, walikuwa wanasema ni wagonjwa wa presha wanaotafuna vitunguu. Sasa ilikuwa ya Rehema, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa pilau pale uani, na tulimtania bila huruma. Hata yeye mwenyewe aliamini. Alifua mapazia yake, akaosha sufuria kwa majivu, akaomba radhi.

Kisha akaanza kuumwa. Kichwa, kichefuchefu, kifua kubana. Alinunua dawa za malaria dukani akameza, akapata nafuu akiwa shuleni, akarudi nyumbani jioni akatapika. Walimu wenzetu walianza kutabasamu na kumuuliza lini tunakula ubwabwa, kwa maana walidhani ni mimba, na Rehema, binti wa watu asiye na mchumba, alilia kwa aibu. Mama Kapinga alisema ni baridi, watu wa Tunduru hawajaizoea. Ansila alisema ni kukumbuka nyumbani. Kila mtu alikuwa na sababu yake na kila sababu ilitosha. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa, lakini sikujua naogopa nini. Nilikuwa naamka asubuhi na jambo la kwanza ni kutega sikio juu, kwenye ule uwazi wa bati, nisikie kama anasogea. Nikimsikia anakohoa, nashukuru. Nilimwambia aje alale kwangu. Akasema hapana, ataniambukiza.

Katika siku hizo ndipo alipofika Mzee Mbawala. Alikuwa wa Mpitimbi, mkulima, mtu mnene aliyevimba miguu kwa ugonjwa wa moyo, na aliletwa na bintiye Skolastika, ambaye alikuwa wa rika letu. Walipewa chumba kati ya Rehema na Ansila. Kusema kweli Mzee alituchangamsha. Asubuhi anatolewa uani kwenye jua, tunampigia magoti kumwamkia, na yeye anajibu "Marahaba, walimu wangu," halafu anatuuliza hesabu za kijinga, kwamba kuku mmoja na nusu akitaga yai moja na nusu, sisi tunalipwa kwa nini. Skolastika alimtunza kwa namna ambayo sijaiona tena. Alimpimia chumvi kwenye mboga kwa ncha ya kidole. Alimkanda miguu. Kupitia juu ya ukuta tulimsikia akimsomea majina ya watu waliotuma salamu kutoka kijijini, na Mzee akisema wa kila mmoja, huyu mwema, huyu mwizi, huyu mwema. Wiki za kwanza alipata nafuu, miguu ikapungua. Daktari, alisema Skolastika, amefurahi. Kisha akaanza kulalamika kichwa, na hamu ya chakula ikamwisha, na sisi sote tukatupiana macho, kwa sababu tulijua njia ya wagonjwa wa nyumba ile inavyokwenda. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba kwa Rehema angalau tulitafuta sababu. Kwa Mzee hatukutafuta.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Tajiri alikuwa amekuja na vibarua wake, ameona dumuzi wameingia tena, akaweka vidonge vipya akafunga. Mchana Rehema alisema kichwa kinampasuka, akaingia ndani kulala na dirisha limezibwa. Mzee Mbawala alikuwa amejilaza naye, na Skolastika alikwenda sokoni. Mimi na Ansila tulikaa jikoni tunachambua maharage, na yeye alikuwa analalamikia utafiti wake kama kawaida. Tatizo, alisema, ni kwamba hakuna anayekaa karibu na hospitali bila sababu. Mgonjwa anasogea, mzima anakaa mbali, huwezi kujua hospitali imefanya nini na watu wamekuja na nini. "Nataka kitu kinachotoka nje, Hilda. Kitu kisichojua habari za ndani. Mtu aangushwe tu karibu na hospitali, bila yeye kutaka, bila kuumwa, halafu nimwangalie anakuwaje. Nitampata wapi mtu kama huyo?"

Nikacheka. Nikamwambia anaongea kama mtu wa idara inayopanga vituo vya walimu. Sisi tunaangushwa popote, hakuna anayetuuliza.

Na yeye akacheka. Kisha akaacha kucheka. Maharage yakabaki mkononi mwake.

"Hivi vyumba mlivipataje?" akaniuliza.

"Si mkuu wa shule alitupa."

"Alitupaje? Mlisema nani anataka kipi?"

"Hata hatukuwa tumeviona. Alitoa funguo kwenye droo, huu wangu, huu wa Rehema. Alikuwa anagombana na mtu wa madawati."

"Hakutazama?"

"Ansila, hakututazama hata sisi."

Niliona akili yake inatembea, na sikupenda inakokwenda. Aliongea polepole, macho yake yako kwenye ungo. "Rehema alipokuja hapa alikuwa anaumwa?"

"Rehema? Alikuwa anacheza netiboli na wanafunzi."

"Na wewe. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Shule moja. Chakula kimoja, sinia moja. Maji ya bomba lile lile. Wote wageni, wote hamkuchagua." Akaninyanyulia macho, na sikuwahi kumwona Ansila na uso ule kabla wala baada. "Kilichotofautiana ni ufunguo tu, Hilda. Hakuna kingine. Basi ni chumba."

Ungo ulimwagika. Alikimbia na mimi nikakimbia nyuma yake. Mlango wa Rehema ulikuwa umefungwa kwa ndani na hakuitika, na Ansila, ambaye alikuwa mwembamba kama mchicha, aliupiga bega mpaka komeo likang'oka. Hewa iliyotupokea ilikuwa ya kitunguu saumu na samaki walioharibika pamoja, nzito, inakwangua koo. Hapo hapo Ansila akaanza kupiga kelele, si kwa hofu, kwa hasira. Kwao Maposeni vidonge vile walivijua, lakini wao hufukiza nje, chini ya turubai lililobanwa na mchanga pande zote, mbali na watu. Alinyoosha mkono juu kwenye ule uwazi wa bati. "Hewa ya vidonge inapita huku! Inapita huku juu!" Rehema alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, amejitapikia, anapumua kwa shida. Tulimkokota kwa godoro lake mpaka uani. Mama Kapinga akasimama anamwita Yesu na Maria. Pikipiki moja iliyokuwa inapita ikasimamishwa, mimi nikapanda nyuma, Rehema katikati amenilalia, na mwendesha bodaboda, mmoja wa wale wale waliokuwa wanatutania, alipiga honi njia nzima mpaka tunafika hospitali. Nilimwacha Ansila anakimbia kuelekea mlango unaofuata.

Rehema aliwekewa oksijeni, na kabla jua halijazama aliniambia niache kumbana mkono, namuumiza. Alhamdulillahi, alisema, halafu akalala usingizi wa kawaida. Mpaka leo anafundisha, kwao Tunduru, na sikukuu ya Idi hainipiti bila simu yake. Nilitoka pale natembea kwa furaha, naimba moyoni, nikijua kwamba tumemwokoa mtu. Nilipokaribia Bombambili nikasikia kilio, na nikajua sauti ni ya Skolastika.

Mzee Mbawala alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, Ansila aliniambia, amefumba macho, amekwisha. Wageni walikuwa wameshaanza kujaa. Watu wa afya walifika, wakafungua stoo, wakakuta turubai limefunika magunia ya mbele tu, ya nyuma yako wazi. Tajiri naye alikuwa ameitwa. Hakuficha chochote, masikini. "Mimi nafanya hivi hivi kila mwaka," alisema, akidhani anajitetea, na neno lile lilitua pale uani kati yetu. Kila mwaka. Nilimwona Mama Kapinga anakaa chini kwenye kizingiti cha jiko lake, taratibu, kama mtu anayehesabu majina kichwani. Wale wote waliotoka wamebebwa, wale ambao tulisema walikuja wagonjwa. Wengine bila shaka walikufa kwa maradhi yao. Wengine bila shaka hapana. Na hakuna wa kutuambia nani ni nani, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na ugonjwa wa kumtosha.

Asubuhi yake gari lilikuja kumchukua Mzee kumpeleka Mpitimbi. Kaka zake Skolastika walipandisha jeneza, akina mama wakapanda wakikaa kulizunguka, na mimi na Ansila tulisimama kando tumejifunga vitenge. Ansila hakuwa amelala. Usiku kucha alikuwa anarudia kwamba lazima amwambie Skolastika ukweli, ana haki ya kujua, wafungue kesi kama wanataka. Lakini Skolastika ndiye aliyetufuata. Macho yalikuwa yamemvimba, sauti imeisha.

"Dada Ansila. Watu wanasema ni hewa ya sumu. Kweli?"

"Ilikuwepo, dada. Ni kweli ilikuwepo."

Skolastika akaitikia kwa kichwa kama anayepokea maelekezo. "Kaka zangu walitaka tukae kwa shangazi, Lizaboni. Chumba kilikuwepo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema kule mbali, baba atachoka kutembea, moyo wake hauwezi. Nikazunguka mwenyewe mpaka nikapata hapa." Alitazama nyumba, halafu akamtazama Ansila, na akamshika vidole. "Wewe umesoma mambo haya. Niambie. Nimemuua mimi?"

Nilimjua Ansila. Mwaka mzima nilimsikia akibomoa kila sentensi ya mtu aliyesema hiki kimesababisha kile bila kuweza kuonyesha. Alishawahi kumkatiza padre. Nilisubiri aseme kwamba haiwezekani kujua, kwamba moyo wake ulikuwa mbovu na hewa ilikuwa mbaya na Mzee Mbawala alikuwa mmoja tu, hakuna Mzee Mbawala wa pili aliyelala Lizaboni tukamtazame.

"Hapana," Ansila akasema. "Ni moyo, Skola. Moyo wake ulikuwa umechoka sana. Hata mngekaa kwa shangazi angekwenda jana ile ile."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Skolastika akavuta pumzi ndefu, akamkumbatia, akasema asante, dada, Mungu akubariki. Akapanda garini akaketi karibu na jeneza, mkono mmoja juu yake. Gari liliondoka polepole kwa ajili ya mashimo, na sisi tukalitazama mpaka likakata kona.

"Nimemwambia nini, Hilda?" Ansila akaniuliza.

"Umemwambia asijilaumu."

"Sijui kama ni kweli."

"Najua."

"Sitajua. Hata nikisoma mpaka nife, hilo sitalijua."

Ndipo akaanza kulia, mara ya kwanza tangu jana yake, na mimi nikamshika mkono. Tulibaki tumesimama pale barabarani watu wakitupita, kwa sababu kati yetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani ya ile nyumba.